Parkinson: kidonge na umeme vinafanya nini ndani ya ubongo? Niliyojifunza nikimuuguza baba

#1 MwanaWaMwalimu (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa wazee wanaotetemeka, pale mchangiaji mmoja alipoandika kwamba umeme wa kichwani, yaani upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ndani ya ubongo, ni wa mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa kumsaidia. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ningejibu kwa hasira. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka ya nyuma, nikayaamini, na yamemgharimu baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Ugonjwa wake haukuanza na kutetemeka, ulianza na mwandiko. Herufi alizowaandikia watoto kwenye mbao zilianza kusinyaa: mwanzo wa mstari kubwa, mwisho wa mstari kama sisimizi. Baadaye mkono wa kulia ukaacha kupunga akitembea. Halafu alfajiri moja nikamkuta kasimama kizingitini, anataka kwenda kutawadha, mguu umegoma kunyanyuka. Ananitazama, anajua anachotaka, mwili hautii. Tulizungushwa miaka mitatu, mara presha, mara mishipa, mara uzee, hadi daktari mmoja alipomwambia afungue na kufunga vidole, akamwangalia akitembea hadi mlangoni na kurudi, akautaja ugonjwa kwa jina lake.

Jina hilo ni la James Parkinson, tabibu wa London aliyeandika juu ya wagonjwa sita mwaka 1817. Wengi wetu tuliufahamu ugonjwa huu kwa mkono wa Muhammad Ali ulioshika mwenge kule Atlanta mwaka 1996.

Kwa kifupi, chini katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Seli hizo zinakufa polepole, na mwili unapoanza kuonyesha dalili, sehemu kubwa imeshakwenda. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa inayomaliza dopamini, wakalala kama mizigo. Akawachoma dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake kule Vienna walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson na kukuta dopamini imepungua vibaya. Mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer wakawachoma wagonjwa levodopa, aina ya dopa hiyo hiyo, na watu waliokuwa hawawezi kujiinua kitandani wakasimama. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ukiimeza kwa dozi inayopandishwa taratibu, nafuu inadumu. Kidonge anachomeza baba leo ndicho hicho, pamoja na karbidopa inayozuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini kabla haijafika kichwani. Dopamini yenyewe ukimeza haisaidii, maana haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo.

Hayo ni ya kemia, na mitandaoni yamejaa. Nilichotaka kuleta hapa ni cha mdundo.

Aliyewahi kupita nje ya chuo cha Kurani anaijua ile sauti. Watoto arobaini, kila mmoja na pahala pake: huyu yuko Amma, yule yuko Yasini, mwingine bado anahangaika na alifu na bee. Mpita njia anasikia kelele. Baba alikuwa anasikia kazi inaendelea. Alichokichukia ni pale darasa zima linaponasa kwenye aya moja, wote wanaimba kwa pamoja huku wakiyumba, sauti tamu kabisa, na hakuna hata mmoja anayefungua ukurasa unaofuata.

Ubongo wenye Parkinson umenasa namna hiyo. Kuna kiini kinaitwa subthalamasi, kidogo kama punje ya dengu, kimoja kila upande wa kichwa, na kimeunganishwa na sehemu zinazopanga mwendo. Dopamini ikipungua, seli za pale na za jirani zake huanza kupiga kwa pamoja, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde. Wataalamu wanauita mdundo wa beta. Wenyewe si adui. Mimi na wewe tunao, hasa tunapokaa tumetulia au tumeshika kitu bila kukisogeza, na hushuka kidogo kabla hatujainua mkono. Ni kama amri ya "kaa hivyo hivyo". Kwa baba yangu amri hiyo haishuki kwa wakati.

Wamejuaje? Mgonjwa anapowekewa nyaya kichwani, mara nyingine ncha zake huachwa nje siku chache kabla ya kuunganishwa na betri, na katika siku hizo zinaweza kusikiliza badala ya kupiga. Mwaka 2001 kundi la Peter Brown, London, lilionyesha kwamba mgonjwa asipokuwa na dawa, mdundo wa karibu mara 20 kwa sekunde unatawala mle ndani. Akishameza levodopa, ule unafifia na unatokea mwepesi zaidi, wa karibu mara 70. Mwaka 2006 Andrea Kühn na wenzake wakaonyesha jambo lililonifanya nisome usiku kucha: kadiri beta inavyoshuka baada ya dawa, ndivyo ukakamavu wa misuli na uzito wa mwendo unavyopungua. Kutetemeka hakukufuata hesabu hiyo, kuna njia yake.

Sasa umeme. Mwaka 1987 kule Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa anafanya upasuaji wa zamani wa kuunguza sehemu ndogo ya ubongo ili kutuliza mtetemeko. Kabla ya kuunguza walikuwa wanajaribu kwa umeme kidogo ili wahakikishe wako mahali penyewe. Akaona kwamba ukipiga kwa kasi, karibu mara 100 kwa sekunde, mtetemeko unakoma bila kuunguza chochote. Mwaka 1990 Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong, Marekani, waliharibu kile kiini cha subthalamasi kwa nyani waliopewa sumu ya kuwaletea hali kama Parkinson, na nyani wakaanza kutembea tena. Mwaka 1993 Benabid na Pierre Pollak wakaelekeza waya wao kwenye kiini hicho hicho kwa binadamu. Siku hizi mpigo wa kawaida ni karibu mara 130 kwa sekunde, kutoka kwenye betri inayolazwa chini ya ngozi ya kifua.

Na mwaka 2008 Kühn na wenzake wakaonyesha kwamba umeme huo nao unashusha beta, na ukizimwa, beta inapanda tena.

Ndugu zangu, someni hapo mara mbili. Kidonge kinashusha beta. Umeme unashusha beta ile ile. Ndiyo maana kabla ya upasuaji mgonjwa hupimwa kwanza bila dawa, asubuhi, baada ya kukosa dozi za usiku, halafu anapewa levodopa ya kutosha na kupimwa tena. Asipopata nafuu ya maana kwa dawa, mara nyingi hawamfanyii, isipokuwa tatizo lake kubwa liwe ni kutetemeka. Kinachoitikia kidonge ndicho kitakachoitikia umeme. Kwa hiyo upasuaji huu ni wa mtu ambaye dawa BADO inamfanyia kazi, ila inamwachia katikati ya siku, au inampa mwili wa kujinyonganyonga inapokuwa juu.

Mimi nilisubiri dawa "zishindwe". Niliambiwa na mtu niliyemwamini, aliyevaa koti jeupe, kwamba tusubiri. Miaka ile baba alikuwa mzima wa akili, levodopa inamwinua kitini ndani ya dakika arobaini, halafu inamwangusha saa tatu baadaye. Huo ndio ulikuwa wakati wake. Leo ana miaka 76, kumbukumbu imeanza kupotea, na mzee aliyefikia hapo hawamshauri tena. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Ufaransa na Ujerumani wa wagonjwa 251, wastani wa miaka 52, ambao dawa ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuwayumbisha. Waliopewa umeme pamoja na dawa, maisha yao yalikuwa bora kuliko wa dawa peke yake. Nimeusoma nimechelewa.

Nitajibu maswali taratibu, nauguza huku naandika.

#2 Bi_Mkasi

Pole sana ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amwafu mwalimu. Mfano wa chuo umenifungua macho. Mama yangu ana mwaka wa nne na ugonjwa huu, na mtaani walimwita mlevi kwa jinsi anavyopepesuka. Mwanamke hajawahi kuonja hata togwa iliyochachuka.

Swali: huo umeme unafanya ubongo utengeneze dopamini upya?

#3 MwanaWaMwalimu

Pole na wewe Bi Mkasi, na mpe mama shikamoo yangu.

Hapana, na hilo lilinishangaza. Mwaka 2003 makundi tofauti yaliwapima wagonjwa kwa mashine ya PET, inayopiga picha za kazi ya kemia ndani ya ubongo, umeme ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Hawakukuta dalili kwamba umeme unaongeza dopamini. Mgonjwa anatembea, dopamini yake ni ile ile kidogo.

Kwa mfano wangu wa chuo, dopamini ni mwalimu anayepita katikati ya watoto, anamgusa huyu begani, anamfungulia yule ukurasa. Umeme haumrudishi mwalimu. Unagonga meza kwa kasi kiasi kwamba ile nyimbo ya pamoja haiwezi kushikana. Watoto wanaachana na ile aya moja, na kwa kuwa bado wanajua kusoma, kila mmoja anaendelea na yake.

Tofauti nyingine ni damu. Kundi la David Eidelberg kule New York lilionyesha mwaka 2006 kwamba levodopa na umeme vyote vinatuliza ule mtandao wa ubongo unaotumia nishati isivyo kawaida kwa watu wenye Parkinson. Miaka miwili baadaye wakakuta kwamba kwenye umeme, nishati na mtiririko wa damu vinashuka pamoja, lakini kwenye levodopa nishati inashuka huku damu ikipanda katika sehemu hizo hizo, na zaidi kwa wale ambao dawa inawapa kujinyonganyonga. Kwa hiyo njia mbili zinafika kwenye mlango mmoja, ila moja inapita pia kwenye mishipa ya damu.

#4 FundiRedio

Mkuu mimi ni fundi wa redio na TV, kazi yangu ni mawimbi. Nakubali mdundo mmoja ukitawala unaua taarifa zote, kama mvumo wa trafoma unaomeza sauti ya mtangazaji. Lakini sielewi unamwondoaje mtu wa mara 20 kwa kumpigia mara 130. Kwangu mimi hiyo ni kelele juu ya kelele.

#5 MwanaWaMwalimu

FundiRedio, swali lako ndilo lililowagombanisha wenyewe kwa miaka.

Mwanzo walidhani umeme unazima kile kiini, kwa sababu matokeo yake yanafanana na ya kukiharibu. Baadaye wakaona si kuzima tu. Seli zenyewe zinaweza kupunguza kupiga, lakini nyuzi zinazotoka na zinazoingia pale zinaamshwa na kila mpigo. Kuna nyuzi zinazoshuka moja kwa moja kutoka gamba la ubongo hadi kwenye kiini hicho, na umeme unapanda nazo kinyumenyume mpaka juu. Mwaka 2015 kundi la Philip Starr, San Francisco, lilisikiliza gamba la ubongo lenyewe wakati wa upasuaji. Kwa wagonjwa hawa mipigo ya kasi ilikuwa imefungwa pingu kwenye mawimbi ya beta, na umeme uliowekwa chini kabisa uliilegeza pingu hiyo kule juu.

Na ushahidi ambao fundi ataupenda ni huu: ukipiga polepole, mara 20 kwa sekunde au chini yake, nafuu haiji, na mwendo unaweza kuzidi kuwa mzito. Unakuwa umeongeza sauti kwenye nyimbo ile ile. Ukipiga kwa kasi ya kutosha, kila mpigo unamkuta mwimbaji kabla hajavuta pumzi ya mstari wa pili, na kibwagizo kinakatika. Huo ni mfano, mjadala wa ndani bado ni mkubwa. Lakini kasi ni sharti, hilo halina ubishi.

#6 FundiRedio

Sasa umenipata. Tatizo ni kwamba wote wako kwenye awamu moja, wanapanda na kushuka kwa pamoja. Kumbe unavunja awamu, huzimi chombo.

#7 MwanaWaMwalimu

Ndiyo hasa. Na si ukubwa wa beta peke yake, ni urefu wake. Mwaka 2017 Gerd Tinkhauser, akiwa na kundi la Brown, alionyesha kwamba beta inakuja kwa vipande. Vifupi havina madhara makubwa, tabu ni vile virefu visivyotaka kuisha. Levodopa inavifupisha vile virefu. Hilo liliniondolea dhana kwamba baba ni kama gari lisilo na mafuta. Anakwama vipande vipande, na katikati ya vipande yupo.

#8 NesiWaZamu

Naomba niingie, mimi ni muuguzi na nimeona haya wodini. Mambo ya beta ni mazuri, lakini kidonge hakiwezi kushusha beta kama hakijafika kichwani, na wengi hakifiki.

Levodopa inaingia kupitia mlango ule ule ambao protini inapitia, kwenye utumbo na tena kwenye kuingia ubongoni. Mzee akinywa kidonge pamoja na maharage, samaki au maziwa, dawa inabaki foleni. Apewe nusu saa kabla ya chakula, kwa maji. Kama tumbo linamsumbua, kipande cha muhogo au mkate mkavu kinatosha. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vinaikamata, vipishane kwa masaa.

La pili, na hili linaniuma kwa sababu nimeliona likitokea: mzee mwenye Parkinson akitapika anapewa Plasil kwa mazoea. Plasil ni metoclopramide, inaziba pale pale dopamini inapotakiwa kushika. Haloperidol anayopewa akianza kuona vitu usiku ni hivyo hivyo, tena zaidi. Mgonjwa anaganda kama gogo na watu wanasema ugonjwa umekomaa. Mwambieni daktari au muuguzi kila mnapolazwa, msiseme atajua mwenyewe.

La tatu, msikatishe levodopa ghafla hata siku mbili, hata kama mgonjwa kalazwa kwa jambo jingine. Homa kali, misuli kukaza, akili kuvurugika, na mtu anaweza kufa.

#9 MwanaWaMwalimu

Dada Nesi, hiyo dawa ya kichefuchefu ndiyo aliyopewa baba mwaka wa kwanza, majuma sita mfululizo. Tulimbeba kama mtoto. Hakuna aliyetuambia. Asante kwa kuiandika, naomba mwenye mamlaka ya uzi aibandike juu.

#10 Mkwezi_wa_Muheza

Mimi naona mnazunguka mbali. Wazee wetu wana upupu. Mbegu zake zinachemshwa, zinasagwa, mgonjwa anapona mtetemeko bila hospitali. Na zamani huku ugonjwa huu haukuwepo, ni wa Wazungu na vyakula vya viwandani.

#11 MwanaWaMwalimu

Mzee Mkwezi, kwenye upupu hujakosea, ila nusu.

Mbegu za upupu kweli zina levodopa, hilo lilijulikana tangu mwaka 1937. Mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake wa Italia walichapisha jaribio la wagonjwa 18 kule Bolivia: unga wa upupu uliochomwa uliwapa nafuu inayolingana na ya vidonge. Waliufanya kwa sababu ya watu kama sisi, ambao kidonge kinapotea dukani au bei yake inamshinda mstaafu. Kwa hiyo simcheki mtu wa upupu, namheshimu.

Shida ni kipimo. Mbegu za shamba hili na shamba lile hazina kiasi kimoja, na hakuna karbidopa ndani, kwa hiyo sehemu kubwa inageuka njiani na kuleta kichefuchefu na presha kushuka. Mgonjwa akinywa upupu juu ya vidonge bila daktari kujua, anapandisha dopamini kupita kiasi, na ule mdundo wa kasi unaokuja na dawa nao unazidi. Kwa wagonjwa wanaojinyonganyonga wamekuta mdundo mkali wa mara 60 hadi 90 kwa sekunde kwenye ubongo. Chuo kimetoka kwenye aya moja, sasa watoto wanakimbizana juu ya madawati. Na hauponyi. Hata levodopa ya dukani haiponyi, inafidia tu.

Kuhusu ugonjwa wa Wazungu: watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye watu takriban 161,000, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana nini. Walikuwepo muda wote, mzee wangu. Walikuwa wamekaa ndani.

#12 Mkwezi_wa_Muheza

Nimekuelewa mwanangu. Ya Hai sikuyajua. Mdogo wangu anakunywa vyote viwili, nitamwambia amweleze daktari wake.

#13 Mtoto_wa_Mutrah

Salaam kutoka Muscat. Mjomba wangu, mzaliwa wa Pemba, alifanyiwa India akiwa na miaka 58. Nilikuwa naye, nieleze niliyoyaona.

Hawakumlaza usingizi sehemu kubwa ya kazi. Kichwa kimefungwa kwenye fremu, na dawa hakumeza tangu usiku ili dalili zionekane. Wanateremsha sindano nyembamba na kusikiliza seli kwenye spika. Mjomba anasema zilikuwa kama mvua juu ya mabati, na walipofika penyewe mvua ikawa nzito. Wakamwambia ahesabu, afungue ngumi, ataje majina ya wajukuu. Mkono uliotetemeka miaka tisa ukatulia akiwa kwenye kumi na saba. Akalia, daktari akamwomba asilie kwa sababu kichwa hakitakiwi kusogea.

Lakini niseme yote. Siku za kwanza alitembea vizuri hata kabla betri haijawashwa, tukaita watu, tukasoma maulidi. Baada ya wiki mbili dalili zikarudi tukaogopa. Kumbe ni kawaida, waya ukiingia unashtua sehemu ile kwa muda, halafu unatulia. Ndipo wakaanza kurekebisha umeme, mara nne, tano, kila mara kidogo. Vidonge wamepunguza karibu nusu. Mkono umetulia na ukakamavu umepungua. Ila sauti imeshuka, tunamwambia arudie maneno, na kuanguka bado anaanguka akigeuka. Na walipopunguza vidonge haraka mno, alipoa moyo, hataki kuzungumza, hataki hata mpira. Wakarudisha kidogo, akachangamka.

#14 MwanaWaMwalimu

Ndugu wa Mutrah, ushuhuda wako una thamani kuliko maelezo yangu yote.

Hilo la kupoa moyo linatuonyesha kwamba kidonge na umeme si kitu kimoja. Levodopa inakwenda ubongo mzima, pamoja na sehemu za hamu na furaha. Umeme unapiga kwenye punje ya dengu. Mwendo unapona kwa umeme, dawa inapunguzwa, na ile sehemu ya hamu inabaki na njaa. Pia muda ni tofauti: umeme ukiwashwa, mtetemeko unaweza kukoma ndani ya sekunde, wakati ukakamavu unachukua dakika na kutembea kunaweza kuchukua masaa. Na kuanguka ambako levodopa haikukusaidia, umeme kwa kawaida haukusaidii.

#15 Kibarua_Mstaafu

Naheshimu uchungu wako mwanzisha uzi, lakini tuwe wakweli. Upasuaji huu ni wa wenye uwezo. Betri ikiisha baada ya miaka michache unarudi tena kupasuliwa kifua. Na kichwani kuna hatari ya damu kuvuja. Mimi ningekuwa na hizo pesa ningenunulia wagonjwa hamsini vidonge vya mwaka.

#16 MwanaWaMwalimu

Mzee wangu, kwenye pesa sina cha kukupinga. Hatari ya damu ipo, kwa wagonjwa wachache katika mia, na maambukizi nayo yapo. Betri zisizochajiwa huishi miaka mitatu hadi mitano hivi, zinazochajiwa hukaa muda mrefu zaidi. Na ningepewa nichague kwa nchi nzima, ningeanza kama wewe, na vidonge, kwa kila mgonjwa, kila siku bila kukatika. Levodopa na karbidopa zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bado watu wanazitafuta duka hadi duka.

Ninachokikataa ni mgonjwa kunyimwa taarifa kwa sababu mtu mwingine amemhesabia mfuko wake. Baba alikuwa na shamba la minazi. Ndugu zangu wawili wako nje. Pengine tungeweza, pengine tusingeweza. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa kwetu, tukaufanya bila kujua kwamba tunaufanya.

#17 FundiRedio

Swali la mwisho kwangu. Kama waya unaweza kusikiliza, kwa nini usisikilize na kupiga kwa pamoja? Upige beta ikipanda, unyamaze ikishuka. Tungeokoa betri.

#18 MwanaWaMwalimu

Fundi, umefika walipofika. Mwaka 2013 Simon Little na Peter Brown walijaribu kwa wagonjwa wanane: umeme unawaka beta ikivuka kiwango fulani tu. Uliwaka chini ya nusu ya muda, na mwendo ukawa bora kuliko wa umeme wa kudumu. Mwaka 2024 kundi la San Francisco likajaribu kwa wagonjwa wanne majumbani mwao, katika maisha yao ya kawaida, na dalili zilizowasumbua zaidi zikapungua. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Ulaya na Marekani zikaruhusu mfumo wa namna hiyo wa kampuni ya Medtronic kwa wagonjwa wa Parkinson.

Katika jaribio la San Francisco hawakufuata beta. Umeme wenyewe, ukipiga mara 130, ulikuwa unauvuta ule mdundo wa kasi wa ubongo na kuuweka kwenye nusu yake, mara 65. Wakaitumia hiyo kama kipimo cha dawa iko juu au chini. Kidonge na umeme vinakutana kwenye wimbi moja, na mashine inasoma kutoka hapo ni saa ngapi kwenye mwili wa mgonjwa.

#19 Bi_Mkasi

Narudi baada ya siku kumi na moja. Nimefuata ya Nesi. Mama alikuwa anakunywa kidonge na chai ya maziwa, saa moja asubuhi, mwaka mzima. Sasa anapewa saa kumi na mbili na nusu kwa maji, chai baadaye. Asubuhi anavaa gauni mwenyewe, na leo amesuka ukili nusu saa. Jioni bado anakwama, tena vibaya, kuanzia saa kumi. Tunafanyaje na jioni?

#20 MwanaWaMwalimu

Alhamdulillahi kwa ukili. Bi Mkasi, chukua daftari. Andika saa ya kila kidonge, saa aliyoanza kulegea mwili, saa aliyokwama tena, na alichokula mchana. Andika siku saba, usibadilishe dozi mwenyewe, mpelekee daktari daftari hilo. Na mwulize wazi, kwa maneno haya: dawa bado inamwinua mama yangu lakini inamwachia jioni, je, anafaa kupimwa kwa ajili ya umeme?

Mchana anakula saa ngapi, na ni samaki?